Pua ya Mektilda

Chupa ya bia ina kwao. Hata ukiinywea harusini huko Lingeka, ukailaza chini ya benchi na wewe mwenyewe ukalala pembeni yake, kesho kuna mtu atatumwa kuitafuta, kwa sababu kuna kreti inaingojea. Soda nayo hivyo hivyo. Lakini chupa ya pombe kali, chupa ya mvinyo wa Krismasi, ya sosi, ya dawa ya kikohozi, hizo ni watoto wa nje. Kilichokuwa ndani kila mtu alikipenda, zikibaki zenyewe hakuna anayetaka kuzilea.

Hapa Bariadi mlezi wao alikuwa Mektilda, mjane wa Luhende, mtaa wa Malambo, nyumba yenye uzio wa minyaa. Ukipita pale ulikuwa unaona chupa zimepangwa chini ya ukuta kwa rangi: nyeupe, kijani, za rangi ya udongo. Wageni walidhani ni baa iliyofungwa na serikali.

Kuna mwaka walikuja watu wa semina. Waliwakalisha kina mama ukumbini, wakawapa kofia na wali, wakawaambia chupa ya kioo inaweza kuyeyushwa ikawa chupa tena, na tena, haizeeki. Mektilda akanyoosha mkono, akauliza itayeyushwa wapi. Wakasema kiwandani. Kiwanda kiko wapi. Mbali, ila kuna mpango. Baada ya wali mpango ukapanda gari ukaondoka. Mektilda hakukata tamaa, alimfuata dereva mmoja wa lori lililoshusha saruji na kurudi Dar tupu. Dereva akanyanyua gunia moja la chupa, akalirudisha chini taratibu, akamwangalia kama unavyomwangalia mgonjwa.

"Mama, haya ni mawe."

"Ni chupa, baba."

"Ni mawe yanayovunjika. Bora nirudi na upepo."

Basi ikajulikana. Kiwanda cha chupa cha Bariadi ni mikono ya Mektilda. Anazikusanya kwenye baa, hasa kwa Anatoli, mwenye baa ya pale karibu na stendi, ambaye alikuwa anamshukuru kwa kumwondolea takataka na bado akitaka aonekane amempa msaada. Anaziosha. Halafu zinakwenda kwa wenye shida nazo: wauza asali wa Meatu, kina mama wa karanga, wakamua alizeti, wauza mtindi. Chupa iliyozaliwa kwa ajili ya pombe inamalizia uzee wake na karanga za kukaanga, imetulia kabisa, imeokoka.

Kuosha chupa kila mtu atakwambia anajua. Maji, majivu, mchanga wa mtoni unatikisa ndani mpaka mkono unauma, brashi ya katani unasugua shingo. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua chupa imetoka wapi, na hiyo Mektilda aliifanya kwa pua. Kabla chupa haijaona maji, aliinusa. Aliweka mdomo wa chupa chini ya pua, akafumba macho, akavuta kidogo kama mtu anayeonja uji wa moto. Hii mafuta ya taa, iende kando. Hii siki. Hii pombe kali, maji mamoja yanatosha, pombe inajiosha yenyewe. Na akishajua, kila chupa ilirudi kwenye kazi yake: ya asali kwa asali, ya mafuta kwa mafuta, ya maziwa kwa maziwa. Hakuchanganya.

Pua ile ilikuwa na sifa mpaka Shishiyu. Kuna bwana mmoja alitoka huko na mke wake, wamekuja mnadani, akataka kuuza chupa tupu. Akasema ilikuwa na dawa yake ya kifua. Mektilda akanusa, akasema, "Hii gongo, ya juzi. Na mnywaji alikuwa anashushia na nyama ya mbuzi yenye vitunguu." Mke akamgeukia mume, akamuuliza mbuzi alichinjwa lini. Biashara iliishia hapo, na yule bwana mpaka leo akifika Bariadi anapita njia ya nyuma.

Kwa hiyo chupa ikishapita kwa Mektilda, ikazibwa kwa gunzi la mahindi alilolichonga mwenyewe, hakuna aliyeinusa tena. Ungeinusa ya nini? Ni kama kuhesabu kuku waliohesabiwa na mwenye kuku.

Sasa yakaja yale mafua ya mwaka ule dunia nzima inavaa barakoa. Huku kwetu tulijifukiza. Mektilda naye alijifunika blanketi juu ya sufuria la majani, akatoka jasho, akakohoa wiki mbili, akapona. Siku moja jirani akaingia mbio jikoni kwake, akakuta maharage yameungua mpaka sufuria limekuwa jekundu, na Mektilda amekaa pale pale anachambua mchele.

"Mama, wewe husikii harufu?"

"Nasikia," akasema Mektilda. "Nilikuwa naona uvivu kuinuka."

Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza, nao ulitoka kirahisi. Jirani alipoondoka alikwenda kwenye dumu la mafuta ya taa, akafungua, akavuta mpaka kifua kikajaa. Hakuna. Akachukua kitunguu, akakikata, macho yakalia lakini pua ikakaa kimya. Akajipa mwezi. Akajipa masika. Pua haikurudi.

Angesema? Sema wewe ambaye huna jina la kupoteza. Binti yake Elizabeth ameolewa Nyashimo, ana watoto wake na shida zake. Luhende yuko kaburini. Shamba ni la ukoo wa Luhende. Kilichokuwa cha Mektilda mwenyewe, ambacho hakuolewa nacho wala hakurithi, ni pua. Watu walipomwamkia walimwamkia yeye na pua yake. Akaamua kunyamaza, akajifunza ujanja. Lebo ikiwepo, anasoma lebo. Chupa ikinata vidoleni, ni soda au asali. Ya sukari anaiweka chini, anasubiri sisimizi wamwambie. Na maji ya kwanza anayamimina kwenye sahani nyeupe, anaangalia rangi. Na kila chupa bado aliinusa mbele za watu, macho amefumba, kama zamani. Padri ambaye imani imemtoka bado anajua kuongoza misa.

Mara moja tu ilimponyoka. Mama mmoja wa karanga alirudi anacheka, karanga zake zinanuka mafuta ya taa. Mektilda akasema siku ile alikuwa na mafua. Wakacheka wote wawili, yule mama akapewa chupa nyingine. Ilikuwa ni onyo, ila lilikuja likicheka, na onyo linalocheka nani analisikiliza.

Mtu ambaye ilikuwa ngumu kumficha ni Kabula. Kabula alikuwa dada yake Luhende, wifi yake Mektilda, muuza mtindi. Mwanamke mnene, sauti ya kuitia ng'ombe, hana siri hata moja na hakuona kwa nini wengine wawe nazo. Tangu Mektilda aolewe, mambo yao yalikuwa ya kutukanana. Kila Ijumaa Kabula alikuja kuchukua chupa za mnada wa kesho yake, anaanza kusema akiwa bado njiani.

"Wewe mchawi wa kaka yangu, upo?"

"Nipo, wifi. Nilidhani ni ng'ombe wa mtu amekatika kamba."

"Mwadila," Kabula akaanza salamu za Kisukuma.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola. Ebu njoo uninuse. Mihayo ameniletea mafuta ya kupaka kutoka Mwanza. Nusa hapa shingoni, useme ni ua gani."

Mihayo ni mwanawe wa kwanza, fundi pikipiki, anampenda mama yake mpaka watu wanamsema. Kabula akanyoosha shingo. Mektilda akasogea, akafumba macho, akavuta hewa kwenye shingo ile nene yenye jasho, akasikia joto tu.

"Ng'ombe," akasema. "Tena dume."

Kabula alicheka mpaka akashika uzio, utomvu wa minyaa ukamchoma, akacheka tena. Akasema hata waridi la Mwanza halifui dafu kwa pua hii. Akabeba chupa zake akaenda. Mektilda alibaki amesimama na uongo wake wa mia ngapi sijui, na huo ndio uliomuuma, kwa sababu ulipokelewa kwa furaha.

Ikafika Januari, mwaka wa tatu tangu pua ife, wakati wa kupulizia pamba. Msimu huo dawa ya wadudu ilichelewa, ikaja kidogo. Wakulima wawili wakawa wanagawana kifungashio kimoja, mmoja anabaki nacho, mwenzake anamiminiwa nusu yake kwenye chupa yoyote aliyokuja nayo. Na mkulima ana chupa gani nyumbani? Ile ya pombe ya Krismasi. Akishapulizia, chupa inatupwa pembeni ya shamba, inalala pale, ilichobakiza kinaganda chini kwenye kitako. Halafu anapita mtu anaokota, anaijaza kwenye gunia na wenzake, anampelekea Mektilda.

Gunia hilo lilitoka vijiji vya njia ya Dutwa. Chupa kama arobaini. Mektilda alikaa nazo uani asubuhi nzima. Akafika kwenye chupa moja ya rangi ya udongo, haina lebo. Akainusa kwa mazoea. Akatia maji, akatikisa, akamimina kwenye sahani. Maji yakatoka meupe, meupe mazuri, kama maziwa yaliyochakachuliwa.

Ah, akasema moyoni, hii ilikuwa ya maziwa.

Alifurahi kweli. Chupa za maziwa zilikuwa chache, na kesho yake ni Ijumaa, Kabula anakuja. Akaisuuza mara moja nyingine, hakutia mchanga wala majivu, maana mabaki ya maziwa yanakwenda kukutana na maziwa wenzake, kuna ubaya gani. Akaichongea gunzi zuri, akaiweka upande wa Kabula.

Kila mwanamke wa pamba anajua kwamba dawa ile ukiitia maji inageuka nyeupe kama maziwa. Mektilda alilima pamba miaka ishirini na Luhende. Alijua. Lakini alipokuwa na pua, hilo halikuwa jambo la kujua kwa macho. Dawa ilikuwa inajitangaza yenyewe kabla hujafika.

Jumamosi mnadani walikaa pamoja kama siku zote, Kabula na mtindi wake, Mektilda na chupa zake tupu pembeni. Jua kali, vumbi la ng'ombe. Saa sita akaja Nyanjige.

Nyanjige ni kizee kinachokaa peke yake nje kidogo ya mji. Amezika mume na watoto wanne, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kwa hayo mengine. Huku kwetu, Mungu atusamehe, kizee mwenye macho mekundu anayekaa peke yake watu wanamwamkia haraka haraka wakiwa wanaondoka. Kabula hakuwa hivyo. Kabula alimtania kama anavyomtania kila mtu, huku akimwita mayu, yaani mama.

"Mayu Nyanjige, leo umekuja na hela au umekuja na macho?"

"Nimekuja na kiu," Nyanjige akasema. Akainua chupa ile ya rangi ya udongo, akaizungusha juani, akairudisha. "Hii. Onja kwanza."

"Leo nikuwekee sumu, nirithi nini? Kile kimbuzi chako kinachochechemea?"

"Onja. Mama yangu alinifundisha, anayekupa anatangulia."

Ndivyo desturi ilivyo, anayekupa kinywaji anatangulia yeye kukinywa ili moyo wako utulie. Wauzaji wengi siku hizi wanagusa ulimi tu. Kabula hakuwa mtu wa kugusa ulimi. Alitikisa chupa, akang'oa gunzi, akajimiminia kikombe kizima cha bati, akakishusha chote huku anamwangalia Nyanjige, watu wa pembeni wanacheka. Uchachu wa mtindi ulikuwa umeifunika harufu. Akafuta mdomo. Halafu akakunja uso.

"Yana ukakasi leo. Sijui ng'ombe wamekula nini." Akaangalia chupa, akaiweka chini. "Mayu, ngoja nikupe nyingine."

Nyanjige alinywea chupa nyingine, akaenda zake. Hata hajafika kwenye zizi la mnada, Kabula alianza kutokwa jasho, kisha mate, yanachuruzika hawezi kuyazuia. Alimwambia Mektilda, "Wifi, naona giza," akaegemea begani kwake na uzito wake wote.

Hospitali daktari alimfunua macho, mboni zimekuwa kama kichwa cha sindano. Hakuhangaika sana kutafuta. Kila msimu wa pamba anawaona wa namna hii.

"Hii ni dawa ya wadudu, ya mashambani," akamwambia Mihayo. "Amekula nini? Amekunywa nini?"

Wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano moja baada ya nyingine. Mihayo alitoka nje, akawakuta watu wa mnadani, akaanza kuuliza. Na watu wa mnadani walikuwa na jibu, lilikuwa limeshaiva. Nani aliishika chupa? Nyanjige. Nani aliizungusha? Nyanjige. Nani alisema onja, tena mara mbili? Nani hakuinywa hiyo, akanywa nyingine?

Mektilda alisikia yote hayo amekaa kwenye benchi la korido. Aliinuka, akarudi nyumbani kwa miguu, akaenda kwenye gunia la Dutwa. Zilibaki chupa ambazo hajaziosha. Akachagua mbili za rangi ya udongo. Ya kwanza, maji yalitoka safi. Ya pili yalitoka meupe. Akachukua tone kwenye ncha ya kidole, akagusa ulimi, akatema. Uchungu wa kuchoma. Alikaa chini kwenye mchanga wake wa kuoshea, na sahani mapajani, akawa anayaangalia yale maji mpaka inzi mmoja akatua ukingoni, akanywa, akaanguka.

Kesho yake Jumapili Kabula alikuwa na nafuu kidogo. Sauti imebaki kama ya mtoto, lakini macho yake yalimtafuta Mektilda mlangoni.

"Wewe mchawi," akasema polepole. "Wameshindwa hawa. Njoo wewe uninuse, uwaambie nina nini."

Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema. Chumbani kulikuwa na wawili tu. Mektilda aliinama, akaweka pua kwenye shingo ile ile, na maneno yote yalikuwa yamekaa mdomoni, yamepangwa. Akafumba macho.

"Dawa za hospitali," akasema. "Na ng'ombe kwa mbali."

Kabula alitabasamu upande mmoja. Alikufa Jumatatu kabla ya chakula cha mchana.

Baadaye Mektilda alimuuliza daktari kama angesema mapema kwamba ni chupa, ingesaidia. Daktari akasema hapana, dawa tulishaijua, tulifanya yote. Inawezekana ni kweli. Madaktari nao wana huruma yao.

Walimzika nyumbani kwake. Nyanjige hakuja msibani, na hilo nalo likaandikwa kwenye hesabu yake: kama hana kosa kwa nini hakuja? Angekuja wangesema amekuja kuangalia kazi yake. Siku ya tatu, asubuhi, ukoo ulikaa kikao uani, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Mwenyekiti wa mtaa, Joakim, alikuwepo, mtu mpole anayependa mambo yaishe bila yeye kuamua. Mihayo akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya Nyanjige, lakini nani angemwambia.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Kizee kile kimemuua mama yangu. Polisi wakija watauliza ushahidi, kizee kitarudi nyumbani. Mimi na ndugu zangu tunakwenda leo."

Hakusema wanakwenda kufanya nini. Kila mtu pale alijua. Joakim aliangalia viatu vyake. Wazee wakakohoa. Hakuna aliyesema nendeni, na hakuna aliyesema msiende, na kwa mambo ya namna hiyo kunyamaza ndiyo ruhusa yenyewe.

Mektilda alisimama kwenye mkeka.

"Ni mimi," akasema.

Watu wakageuka.

"Chupa ilikuwa na dawa ya pamba kutoka kwangu. Niliiosha vibaya. Pua yangu ilikufa mwaka wa barakoa. Tangu hapo sinusi kitu. Nawadanganya."

Shangazi mmoja akamvuta kanga. "Kaa chini, mayu. Uchungu unakusemesha."

"Pua ile?" akasema mzee mmoja. "Iliyomkamata mtu wa Shishiyu kwa vitunguu?" Wawili watatu walitaka kucheka, wakakumbuka wako wapi.

Mihayo alimjibu kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi. "Mama, najua unamwonea huruma yule bibi. Wewe una moyo huo. Lakini usijibebeshe ya watu."

Unaona ugumu wake. Mtu anaweza kuthibitisha kwamba ananusa. Utathibitishaje kwamba hunusi? Miaka mitatu aliwafundisha kumwamini, sasa walikuwa wanamwamini, hawataki kuacha.

Mektilda aliingiza mkono kwenye kikapu alichokuja nacho. Alitoa ile chupa ya pili ya udongo na bilauri ya kioo. Akatia maji kwenye chupa, akatikisa, akamimina. Maji yalijaa bilauri, meupe. Kikao kizima kilikuwa cha watu wa pamba, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Na harufu ikatembea. Ilianzia mkeka wa mbele, kina mama wakashika kanga puani. Ikafika kwenye viti. Yule mzee aliyetaja vitunguu akapiga chafya, Joakim akainuka akasogea upande wa upepo. Mtoto mmoja akaanza kulia, akatolewa.

Mektilda aliiinua bilauri ile mpaka chini ya pua yake, akaishikilia pale. Akavuta. Akavuta tena, kwa nguvu, kifua kikipanda na kushuka, watu wanamwangalia. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Alikuwa anawaangalia kama mtu aliyenusa maji ya mtungi.

"Mwenye pua angeweza?" akauliza.

Mihayo ndiye aliyekuja kumnyang'anya bilauri. Aliimwaga kwenye shina la mnyaa, akabaki ameishika tupu. Mwisho akasema, "Ulikuja kumnusa hospitali. Nilikuwa mlangoni, nilikuona."

"Ndiyo."

"Ukamwambia ng'ombe."

"Ndiyo, baba."

Akaingia ndani. Hakwenda kwa Nyanjige, siku ile wala nyingine. Na kwa Mektilda pia hajaenda mpaka leo. Wakikutana barabarani anasimamisha pikipiki, anainamisha kichwa, anasubiri mama apite, halafu anawasha tena. Mektilda anasema angemtukana ingekuwa nafuu.

Polisi walimwandikisha maelezo, wakaichukua ile chupa ya mnadani. Wakamwita mara nne, wakamrudisha mara nne, hatimaye wakaacha kumwita. Wauza asali waliacha kuja, kina mama wa karanga siku hizi wanafunga kwenye karatasi. Anatoli alituma mtu kusema chupa zimemjaa nyuma ya baa, aje azichukue. Mektilda akajibu atafute mwenye pua. Anatoli akazimwaga korongoni. Mvua zilipokuja zikasambaa mpaka malishoni, ng'ombe wawili wakakatwa kwato, na mama mmoja aliyekuwa anateka maji akakatwa unyayo. Hapo ndipo Joakim alipokuja Malambo, akasimama kwenye uzio.

"Mama, mtaa hauna mtu mwingine wa kuzipokea hizi chupa."

"Hata mwanzo haukuwa naye," akasema Mektilda. "Mlikuwa mnadhani mnaye."

Zake mwenyewe, zile zilizokuwa zimepangwa kwa rangi, alizivunja. Alichimbisha shimo, akakaa ukingoni na nyundo ya Luhende, moja moja, ili isije ikaokotwa hata moja ikatiwa kitu cha kunywa. Kazi hiyo ilimchukua kuanzia palizi mpaka mavuno. Majirani walizoea mlio. Wakasema, Mektilda anatwanga.

Katikati ya kazi hiyo, alasiri moja, alikuja Nyanjige. Alikuja na kibuyu chini ya kwapa, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa bila kukaribishwa. Alikaa muda mrefu anaangalia nyundo ikishuka.

"Ningenyamaza tu, nisiseme onja," akasema. "Ningekunywa mimi. Wangesema kizee kimekufa, wangerudi kwenye biashara zao."

Mektilda hakuacha kuvunja. "Kabula angekulilia."

"Angenililia, yeye peke yake. Ndiyo maana nasema." Akafuta macho yake kwa kiganja, maana yalikuwa yanatoka maji siku zote, ya moshi na yasiyo ya moshi huwezi kuyatenganisha. Akang'oa kifuniko cha kibuyu, akanywa yeye kwanza, mafundo matatu, akasubiri kidogo. Halafu akakinyoosha mbele.

Mektilda aliweka nyundo chini. Alikishika kibuyu kwa mikono miwili, akakipeleka puani, macho yakajifumba yenyewe. Akavuta. Akakaa hivyo.

"Yananukaje?" akauliza.

Nyanjige alifikiri. "Moshi kidogo. Nilikifukiza jana. Na ng'ombe."

"Dume?"

"Jike, mwanangu. Maziwa yanatoka kwa jike."

Mektilda akatikisa kichwa, mabega yakaanza kutetemeka, na yule kizee hakujua kama anacheka au analia. Alimwacha amalize. Alimsogezea kibuyu mdomoni kama unavyomnywesha mgonjwa, mpaka akanywa.